Leseni ya Rubani na Hewa ya Songea

Uwanja wa ndege wa Songea uko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Hewa yake ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam, na joto la mchana huizidishia wepesi. Mabawa hupungukiwa nguvu ya kuinua, na ndege hukimbia mbali zaidi kabla ya kuruka. Rubani asiyejua hesabu hiyo huhatarisha abiria. Kwa hiyo kanuni za kimataifa, zitokanazo na Mkataba wa Chicago wa 1944, hudai mitihani ya nadharia, pamoja na saa 200 angani (150 kwa kozi iliyoidhinishwa), kabla ya leseni ya rubani wa biashara. Mtihani wenyewe lazima uwe wa haki: mwaka 2020 serikali ya Pakistan ilitangaza kwamba marubani 262 walishukiwa kufanyiwa mitihani na watu wengine.