Bata Alipita, Unyayo Ukabaki

Wanangu wa Lodwar, na nyinyi wa Kakuma, sogeeni karibu. Leo nitawaonyesha jinsi ya kupata mguu wa bata bila kumkamata bata.

"Mjomba, itawezekanaje?"

Swali zuri hilo! Mtoto anayeuliza hivyo atajua mengi. Basi tumwache Unyayo mwenyewe ajibu. Yule pale, amelala topeni kando ya Mto Turkwel.

"Mimi ni Unyayo," asema. "Alfajiri bata bukini alikuja kunywa maji. Alinikanyaga hapa, kisha akaruka zake. Bata alipita, mimi nikabaki. Nitazameni vizuri. Mbele nina vidole vitatu. Kati ya vidole nina utando wa ngozi. Kidole cha nyuma ni kifupi tena kiko juu, kwa hiyo mara nyingi hakiachi alama."

"Mbona kuku hana utando?"

Kwa sababu kuku haogelei, mwanangu. Bata akisukuma maji nyuma, vidole vyake hutanuka na utando hufunguka, naye husonga mbele. Akiurudisha mguu, vidole hujikunja ili maji yasimzuie. Mkifika Ziwa Turkana, tafuteni pia nyayo za mwari na mnandi. Utando wao umeunganisha vidole vyote vinne. Ukijua kusoma unyayo, unajua nani alipita.

"Lakini unyayo ni shimo tu. Mguu tutaupataje?"

Umeuliza vyema! Pale Kakuma mmewaona watu wakifyatua matofali. Hujaza udongo kwenye kisanduku cha mbao, hukiinua, tofali likabaki. Kisanduku hicho ni kalibu. Tofali hufuata umbo la kalibu yake. Unyayo nao ni kalibu, na aliyeitengeneza ni bata mwenyewe. Kazi yetu ni kuijaza tu.

Twendeni na mtu mzima, maana mtoni kuna mamba. Tuchague unyayo safi kwenye tope lililoanza kukauka. Kakuma mnaweza kuutafuta kando ya Mto Tarach, maji ya mvua yakishapita. Tuuzungushie ukanda wa katoni ili plasta isimwagike. Sasa tuchukue unga wa plasta, vikombe viwili kwa kikombe kimoja cha maji. Tunyunyize unga majini, tukoroge polepole kwa kijiti. Tumimine pembeni, plasta ijitambalie yenyewe mpaka unyayo ufunikwe. Ukimimina katikati kwa nguvu, utavunja alama za vidole.

"Mjomba, plasta imepata joto! Nani ameweka moto?"

Hakuna moto. Plasta hutokana na jiwe la jasi. Kiwandani jiwe hilo huchomwa, likapoteza maji yake na kuwa unga. Ukiurudishia maji, unga huyanywa na kuwa jiwe tena, na katika kazi hiyo hutoa joto. Kwa hiyo usitie mkono ndani ya plasta inayoganda. Tena usiruhusu unga uingie machoni.

Tusubiri kama nusu saa. Tuinue taratibu. Kesho, ikishakauka, tusugue tope kwa brashi. Tazameni! Palipokuwa shimo pamekuwa kidole. Bata alipita, unyayo ukabaki, na sasa tuna mguu mkononi.

"Na ndege waliokaushwa makavazini, miguu yao ni ya kweli?"

Wakati mwingine si ya kweli. Mguu wa bata una nyama kidogo sana. Ni ngozi, kano na mifupa. Ukikauka, utando husinyaa, na ile rangi ya waridi ya bata bukini hufifia. Basi fundi huchukua mguu wa ndege aliyekwisha kufa, akautandaza na kuubana kwa pini. Huufunika kwa silikoni, mpira laini unaonasa kila kunyanzi. Kalibu huwa na vipande viwili, kimoja cha juu na kingine cha chini. Kwa kuwa silikoni hunyumbulika, vidole vyembamba hutoka bila kuvunjika. Kisha fundi humimina resini ndani, huisubiri igande, huipaka rangi. Mguu huo hausinyai. Wanaochonga bata bandia wanaosimama nchi kavu nao hutumia njia hii. Nyinyi msiguse ndege aliyekufa, kwani anaweza kuwa na ugonjwa.

"Unyayo wa topeni hukaa muda gani?"

Mara nyingi haumalizi wiki. Upepo huja, mbuzi hupita, mvua huosha. Lakini mara chache sana mchanga huufunika mapema, nao hukaa. Ng'ambo ya ziwa letu, huko Koobi Fora, mwaka 2021 zilipatikana nyayo za miaka kama milioni 1.5. Mwaka 2024 wanasayansi walieleza kwamba aina mbili za jamaa wa kale wa binadamu, Homo erectus na Paranthropus boisei, walipita kwenye tope hilohilo ndani ya muda mfupi. Ndege wakubwa wa jamii ya korongo walipita hapo pia. Mchanga ulifanya kazi ya plasta yenu: uliijaza kalibu, ukailinda.

Basi wanangu, nawaomba mambo mawili. Unyayo wa leo kwenye tope, umwagieni plasta na kujifunza. Lakini mkiona unyayo ndani ya jiwe, msimwage kitu, msichimbe, msiubandue. Wekeni alama mahali hapo, mkamwambie mwalimu, naye apeleke habari kwa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya. Huenda huo ndio unyayo ambao hakuna mtu mwingine aliyewahi kuuona.