Pawatila: trekta lisilopenda mteremko

Ukibana klachi ya mkono wa kushoto ya pawatila katika shamba tambarare, mashine hugeuka kushoto. Ibane hiyohiyo unaposhuka kilima, nayo itageuka kulia. Haijaharibika, wala fundi hajakosea kuifunga. Ndivyo ilivyoundwa, na dereva ambaye hajaambiwa jambo hili ana bahati akilijua kwa kuingia mtaroni badala ya korongoni.

Mkoani Morogoro mashine hii si ngeni. Mkulima wa mpunga wa Mkindo au Dakawa, huko Mvomero, huifahamu kwa kuchavanga majaruba. Mkazi wa mjini Mwembesongo anaweza kuifahamu zaidi kama kichwa cha tela: imebeba matofali, magunia au watu ambao hawakupaswa kupandishwa, dereva kakaa nyuma ya mikono miwili mirefu mithili ya pembe za ng'ombe. Wengi huiita trekta dogo. Hapo ndipo matatizo yake mengi yanapoanzia, kwa sababu pawatila si trekta lililopunguzwa ukubwa. Ni mashine ya namna nyingine kabisa.

Trekta hulima kwa uzito. Hukandamiza ardhi kwa tani zake, tairi hushika, na plau iliyofungwa nyuma hukokotwa hata kama udongo umegoma. Pawatila yenye nguvu za farasi 12 haina uzito wa kufanya hivyo. Hata ikiwa na vifaa vyake haifikii tani moja. Ukiifungia plau kwenye udongo mkavu, magurudumu huzunguka palepale na kuchimba mashimo. Kazi yake halisi hufanywa na visu vilivyopinda, vilivyofungwa kwenye mhimili unaozungushwa na injini. Vinazunguka upande uleule wa magurudumu, kwa hiyo kila kisu kinapoingia ardhini kinakata na papo hapo kinaisukuma mashine mbele. Mashine haihitaji tena kuvuta. Inasukumwa na kazi yake yenyewe.

Aliyeifanya njia hii ya kulima iwe biashara ni Arthur Clifford Howard, kijana wa shambani huko New South Wales, Australia, aliyeanza majaribio mwaka 1912 kwa kutumia nguvu ya injini ya shambani kwao. Lakini walioifanya iwe mashine ya mkulima mdogo ni Wajapani. Mwaka 1933 kiwanda cha Yanmar kilitoa injini ndogo ya dizeli inayoweza kutumika kweli shambani, na baada ya Vita Kuu ya Pili matrekta ya kutembea nyuma yake yakaenea katika mashamba ya mpunga ya Japani, kisha Uchina na Asia ya Kusini Mashariki. Kumbuka neno mpunga. Mashine hii ilikulia katika majaruba yaliyolowa, yaliyosawazishwa, yenye udongo laini.

Sasa tuje kwetu. Mwaka 2009 serikali ilipotangaza mpango wa Kilimo Kwanza, pawatila ziliagizwa kwa maelfu na kugawiwa katika halmashauri nyingi, zenye mpunga na zisizo na mpunga. Lawama hazikuchelewa: haina nguvu, inachosha, imekufa mapema. Mimi naona mashine ile ilionewa. Ukiipeleka kwenye ardhi ngumu ya kiangazi, visu havipenyi. Vinakanyaga juu ya udongo kama miguu na kuirusha mashine mbele huku ikimburuta aliyeishika. Aliyeilaumu alikuwa na haki ya kulalamika, ila alipaswa kumlalamikia aliyeamua ipelekwe pale.

Hata mahali panapoifaa, mwenye kuitumia na ajue anachokinunua. Visu vya pawatila ya kawaida hukata upana wa sentimita 60 hivi. Piga hesabu: ekari moja kwa upana huo ni mwendo wa karibu kilomita 7 kwa miguu, kwenye tope, bado hujahesabu kugeuza mwisho wa kila mstari. Kwa hiyo mwenye ekari 10 asidhani amenunua mapumziko.

Pawatila mpya mara nyingi hufika kwenye sanduku la mbao, mikono imefunguliwa, visu vimefungashwa pembeni. Kosa la kwanza hufanyika hapo hapo, mwenye mashine akiwa na hamu ya kusikia mlio wake. Kila chombo kilichosafirishwa hivyo kichukuliwe kuwa hakina oili mpaka kijiti cha kupimia kithibitishe vinginevyo, na si kwenye injini tu: kuna giaboksi, kuna kasha la mnyororo wa visu, na pengine kuna oili ya kujaza chini ya chujio la hewa. Dakika chache za kuiwasha ikiwa kavu zinatosha kuiua.

Visu navyo vina kushoto na kulia. Ukivitazama juu juu utasema vinafanana, kumbe kimoja ni taswira ya mwenzake kwenye kioo. Makali ndiyo yatangulie kuingia ardhini. Ukikifunga kinyume, kitapiga udongo kwa mgongo, mashine itatetemeka na dizeli itakwisha bila shamba kulimika. Tena havifungwi kwenye mstari mmoja. Vinapangwa vikizunguka mhimili, ili vipige udongo kwa zamu na injini isibebeshwe mzigo wote kwa mkupuo. Ukiona mtu anafunga visu harakaharaka bila kuvitenga kwanza mafungu mawili, mwombe spana.

Injini yenyewe ni ya dizeli, ya pistoni moja iliyolala, haina plagi. Hewa hubanwa mpaka ikapata joto la mamia ya nyuzi, kisha nozeli hupuliza dizeli nayo huwaka yenyewe. Kwa nguvu za mkono huwezi kuushinda mbano huo, ndiyo maana pana kiwiko kidogo cha kuilegeza valvu. Unakiinua, unapiga hendeli mpaka gurudumu zito la injini lishike kasi, unakiachia, na gurudumu lile ndilo linalomaliza kazi. Gumba la mkono unaozungusha liwe upande mmoja na vidole vingine. Ukilizungushia hendeli kwa upande wa pili na injini ikapiga teke kurudi nyuma, utavunjika.

Kupiga kwa woga ndiko kunakoleta teke, na kuna kituko kingine ambacho wengi hawakiamini mpaka wakione. Injini ya aina hii inaweza kuwaka kinyumenyume. Pistoni haikufika juu, ikarudishwa na mlipuko, gurudumu likaanza kuzunguka upande usio wake, na injini ikaendelea kunguruma kana kwamba hakuna kilichotokea. Utaitambua kwa moshi: unatokea kwenye chujio la hewa badala ya bomba lake. Ukiingiza gia ya mbele itarudi nyuma. Izime mara moja kwa kukata dizeli, kwa sababu pampu ya oili haifanyi kazi yake katika mzunguko huo.

Jambo la tatu linalowashtua wageni ni maji. Injini nyingi za zamani hazina rejeta. Zina tangi la wazi juu ya silinda, nayo maji huchemka waziwazi. Dereva wa gari akiona mvuke anazima na kukimbia. Hapa mvuke ndio mpango wenyewe: maji yanapogeuka kuwa mvuke hubeba joto kubwa na kuondoka nalo. Cha kuangalia ni boya, mara nyingi jekundu, linaloonyesha kiasi kilichobaki. Likishuka, ongeza. Likiwa limeshalala na injini inaunguza, usimwage maji ya baridi, maana chuma kitapasuka. Zima, subiri, ndipo uongeze.

Karibu na karakana moja ya Mwembesongo nilimsikia fundi mzee akimhoji kijana aliyeleta pawatila iliyopinda mkono mmoja.

"Ulikuwa unatoka wapi?"

"Matombo, fundi. Na tela."

"Ukashuka na gia gani?"

"Niliweka nyutro, babu, nibane dizeli."

Mzee hakumjibu. Alikwenda akashika magurudumu ya mashine iliyokuwa imeinuliwa kwa jeki, akamwambia kijana abane klachi moja, akamwonyesha.

Somo lenyewe ni hili. Chini ya kila mkono wa pawatila kuna kiwiko kinachokata nguvu kwenda gurudumu la upande huo. Kwenye tambarare injini inasukuma: ukikata nguvu ya kushoto, gurudumu la kulia peke yake linaendelea, na mashine inageuka kushoto. Kwenye mteremko mambo yamepinduka. Mashine inataka kukimbia, na injini kupitia gia ndiyo inayoizuia. Ukikata upande wa kushoto, gurudumu la kushoto linafunguliwa na kubingirika mbio, la kulia bado limezuiwa, na pua ya mashine inakwenda kulia. Ukibana vyote viwili kwa hofu, umeyaachia magurudumu yote. Nyutro ni vivyo hivyo. Ukiwa na tela lenye mzigo nyuma, breki za tela pekee ndizo zinazokutenganisha na korongo, kama zipo.

Kanuni ni chache. Ingiza gia ndogo kabla ya kuanza kushuka, si katikati. Punguza moto. Usiguse viwiko vya kukatia kona. Geuza kwa kuisukuma mikono taratibu kwa mwili. Barabara ya Bigwa kwenda Matombo na Kisaki ina miteremko ya kutosha kumfundisha mtu yeyote, lakini ni afadhali afundishwe kabla ya kuipita.

Shambani hatari kubwa iko kwenye kurudi nyuma. Visu vikiwa vinazunguka na mashine inarudi, aliyeishika yuko katikati ya njia yake. Akijikwaa kwenye tope, visu vinamfuata miguuni. Mashine zilizoundwa vizuri huzuia gia ya nyuma isiingie visu vikiwa vinazunguka. Kuna watu hukiondoa kizuizi hicho ili kurahisisha kazi. Usikubali kuazima mashine ya namna hiyo. Na magugu yakijisokota kwenye mhimili, zima injini, subiri kila kitu kisimame, tumia mundu au kijiti. Chuma kilichokwama kinaweza kuruka hata injini ikiwa imezimwa.

Matunzo yake hayana siri. Oili ya injini mpya hubadilishwa mapema, vitabu vingi husema saa 50 za kwanza, kwa sababu ina chembe za chuma za vipuri vinavyozoeana. Baada ya hapo kila saa 100 hivi. Mikanda ikibonyezwa kwa gumba katikati izame sentimita mbili au tatu, si zaidi. Chujio la hewa ndilo linalosahauliwa kuliko yote, hasa mashine inapogeuzwa kuwa gari wakati wa kiangazi na kumeza vumbi kutwa nzima. Baada ya majaruba, osha, ondoa majani yote kwenye mhimili wa visu, kisha kagua oili ya kasha la mnyororo. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Sili imekatwa na yale majani uliyoyaacha jana. Unapoiweka stoo, zungusha injini taratibu mpaka ukutane na mbano, uiache hapo. Valvu zote mbili zitakuwa zimefungwa na unyevu hautaingia kwenye silinda. Wala usiiwashe ndani ya stoo: moshi wake unaua.

Je, ununue? Mwenye jaruba Mkindo, Dakawa au bonde la Kilombero, ninamwambia nunua, na ikiwezekana mnunue kwa kikundi. Mwenye shamba katika miinuko ya Uluguru namwambia hapana. Mashamba mengi ya kule yamesimama kiasi kwamba jembe la mkono bado ndilo chombo kinachoyaweza, na pawatila itaanguka kabla ya kumaliza mstari wa kwanza. Pesa hiyo ni bora aitafutie mbegu na mbolea. Na wewe uliye tambarare, kabla ya kulipa muulize muuzaji maswali mawili: visu na mikanda ya mashine hii vinapatikana Morogoro mjini, na nani atamfundisha dereva wangu kushuka nayo? Akibabaika kwenye lolote kati ya hayo, ondoka.