Utamu na Uchungu wa Kazi ya Kompyuta

Ukiwauliza wavulana wa darasa letu watapenda kazi gani wakimaliza masomo, wengi watakujibu upesi, "Kazi ya kompyuta." Wamesikia kwamba huko watu hula bure, huvaa watakavyo, wala hakuna msimamizi anayengoja mlangoni na saa mkononi. Mimi nami nilikuwa mmoja wao. Likizo iliyopita nilipanda basi hapa Kampala mpaka Nairobi kukaa na kaka yangu, ambaye huandika programu katika kampuni moja huko, na kwa majuma matatu nikayaona mambo hayo kwa macho yangu.

Habari ya chakula ni kweli. Siku moja kaka alinichukua kazini kwake jioni. Chai, matunda, wali na kuku, vyote vilikuwa mezani, wala sikuona mtu akilipa hata senti. Desturi hii ilipata sifa huko California, Marekani. Kampuni ya Google iliajiri mpishi wake mwaka 1999, ilipokuwa bado changa sana. Nilidhani ni ukarimu mtupu, kumbe kuna hesabu ndani yake: mtu anayekula hapohapo hapotezi wakati kwenda hotelini, na akila na wenzake huzungumza habari za kazi. Nilipojaza sahani mara ya pili kaka alicheka, akasema, "Kula, mdogo wangu, lakini tazama saa." Ilikuwa saa mbili usiku, na karibu nusu ya watu walikuwa bado wapo.

Walakini si chakula wanachokipenda zaidi. Kaka asema utamu wenyewe ni kutengeneza kitu leo, na kesho kuona maelfu ya watu wanakitumia. Tena kijana aweza kubishana na mkubwa wake, na akiwa na ushahidi husikilizwa. Katika barua yao ya mwaka 2004, wenye kuanzisha Google, Larry Page na Sergey Brin, waliandika kwamba huwahimiza watumishi kutumia sehemu moja katika tano ya wakati wao kwa mambo wanayoona yataifaa kampuni, na kwamba Google News ilitokana na utaratibu huo. Mwenye akili ya kubuni hupenda sana uhuru wa namna hii.

Mshahara ni mzuri, sina haja ya kueleza sana. Zaidi ya huo, kampuni nyingi za namna hii humpa mtumishi hisa, yaani kijisehemu cha mali ya kampuni. Lakini hisa hizo hazitolewi kwa mara moja. Mara nyingi hugawanywa kwa miaka 4, na anayetoka kabla ya mwaka wa kwanza kwisha hapati kitu. Basi wako watu ambao kazi imewachosha kabisa, nao hukaa tu wakihesabu miezi.

Sasa nieleze uchungu. Juma la pili lilikuwa zamu ya kaka ya kulinda mitambo. Saa tisa za usiku simu yake ililia kwa sauti ya kutisha, nami nikadhani kuna msiba nyumbani. Kumbe programu ya kulipia bidhaa ilikuwa imekwama. Alikaa kitandani, kompyuta magotini, mpaka alfajiri, kisha akaoga akaenda kazini kama kawaida. Hata hivyo asema kukosa usingizi si kitu. Jambo lililomuumiza zaidi ni programu aliyoiandika kwa miezi minane, ambayo wakubwa waliitupa katika mkutano mmoja, bila hata kumwuliza.

Tena kuna hofu ya kuachishwa. Mwezi wa Januari mwaka 2023 Google ilitangaza kupunguza watu wapatao 12,000, na wengi wao walipata habari kwa barua pepe tu. Mambo kama hayo yalifika kazini kwa kaka pia. Asubuhi moja yule bwana aliyemfundisha kazi alifika mlangoni, kadi yake ikakataa kufungua. Hakuingia tena. Nilipokwenda huko kikombe chake kilikuwa bado mezani, na kaka hakutaka kiondolewe.

Nilimwuliza kaka kama ataacha kazi hiyo. Alinyamaza kidogo, kisha akafungua kompyuta akanionyesha kosa lililokwamisha programu usiku ule: alama moja ndogo tu, katikati ya mistari maelfu. Alinieleza hatua kwa hatua jinsi alivyoitafuta, na uso wake ulikuwa umechangamka kama wa mtoto aliyeshinda mchezo. Swali langu hakulijibu.

Siku ya kuondoka alinipa kitabu chake cha zamani cha hesabu. Nimekwisha fika ukurasa wa 40.