Anayetaka Kusomea Bahari Aanzie Mto Athi

Katika Hifadhi ya Bahari ya Malindi lipo tumbawe lililotunza kumbukumbu ya miaka 300 hivi. Wanasayansi walilitoboa, wakatoa kipande kirefu, wakasoma tabaka zake mwaka baada ya mwaka, na matokeo yakachapishwa 2007. Bariamu, elementi inayosafiri pamoja na udongo wa nchi kavu, ilikuwa kidogo kwa karne mbili, kisha ikaanza kupanda mwanzoni mwa karne ya 20. Aliyeuleta udongo huo ni Mto Sabaki. Na Sabaki ni jina la ukubwani la Mto Athi, uleule unaopita kati ya Makueni na Kitui, ukaungana na Tsavo ukaitwa Galana, kisha ukamwagikia Bahari Hindi kaskazini mwa mji wa Malindi.

Naanza na tumbawe hilo kwa sababu wahitimu wa Ukambani wanaotamani shahada ya uzamili katika usimamizi wa bahari na pwani huwa na wasiwasi mmoja: aliyekulia Mutomo au Wote, asiyejua hata kuogelea, ana nafasi gani mbele ya mwenzake wa Kilifi? Anayo, tena kubwa, mradi asiyaache nyuma anayoyajua.

Chukua suala la majira. Mvua ya kutegemewa Ukambani ni ya vuli, inayokolea Novemba na Desemba. Wakati huohuo kaskazi inaanza kuvuma, na kaskazi ndiyo inayosukuma maji ya tope kutoka mlango wa Sabaki kuelekea kusini, kwenye matumbawe ya Malindi. Wakati wa kusi tope huelekea Mambrui. Mkulima wa Kibwezi anajua udongo wake uliondoka lini; mvuvi wa Malindi anajua maji yalichafuka lini. Anayeweza kuziunganisha taarifa hizo mbili kwa vipimo ni adimu.

Vipimo vyenyewe si vya kutisha. Mtafiti huteka chupa ya maji ya mto, huyachuja kwa karatasi iliyokwisha kupimwa uzito, huikausha ndani ya joko na kuipima tena. Tofauti ndiyo udongo. Kazi ngumu ni kurudia hivyo msimu mzima, usiku wa mafuriko ukiwemo, kwa sababu sehemu kubwa ya udongo wa mwaka hupita katika siku chache.

Historia nayo imo. Serikali ya kikoloni ililaumu ng'ombe wa Wakamba kwa mmomonyoko, ikawanyang'anya mifugo, na mwaka 1938 Muindi Mbingu akaongoza maandamano hadi Nairobi. Watafiti wa lile tumbawe waliitaja sera ya makazi ya Waingereza miongoni mwa sababu za udongo kuongezeka. Mwanafunzi wa usimamizi wa pwani asiyejua habari hii ataandika mapendekezo ambayo wazee wa Makueni watayakataa barazani, na kwa haki.

Hata mabwawa ya mchanga tunayojivunia yanataka kuangaliwa upya. Ukuta wa zege hukatiza mto wa msimu. Mafuriko yakija, mchanga mzito hutua nyuma yake, na tope jepesi huruka na maji. Ndiyo maana bwawa hilo huhifadhi maji safi, na ndiyo maana haliwezi peke yake kuikinga Malindi. Tope huzuiwa shambani, kwa matuta ya fanya juu. Sheria ya Makueni ya 2015 ya kuhifadhi na kutumia mchanga ililenga mito ya kaunti, lakini athari zake haziishii mpakani. Na Bwawa la Thwake, la Mto Athi, likianza kunasa tope, matumbawe huenda yakapumua. Na ufuo utakaokosa mchanga, je? Hiyo ni tasnifu nzima, na inamsubiri mtu.

Pa kusomea papo karibu. Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya, Kwa Vonza, Kitui, kinafundisha haidrolojia. Hapo yupo Johnson Kitheka, aliyekuwa mtafiti wa taasisi ya bahari na uvuvi ya KMFRI, Mombasa, na aliyeandika kuhusu tope la Tana na la Ghuba ya Malindi. Upande wa pwani kuna Chuo Kikuu cha Pwani, Kilifi, na Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Zanzibar, iliyo chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam tangu 1978. WIOMSA, chama cha wanasayansi wa bahari chenye makao Zanzibar, hutoa ruzuku za utafiti.

Kuhusu ajira nitasema wazi: nafasi za KMFRI ni chache, na anayesoma kwa kuzitegemea hizo tu atakaa sana nyumbani. Kazi nyingine ziko kwenye tathmini za athari kwa mazingira, ambazo hudai usajili wa NEMA, mamlaka ya mazingira, kwenye kaunti, na kwenye miradi ya jamii kama Mikoko Pamoja ya Gazi, inayouza krediti za kaboni. Huko kote wanatafuta mtu anayejua takwimu, ramani za satelaiti na kuandika ripoti inayosomeka. Kupiga mbizi utafundishwa.

Basi kabla ya kutuma maombi, andika ukurasa mmoja: swali lako, mto wako, utakachopima na pale utakapopimia. Mtumie mhadhiri ukurasa huo kwanza, vyeti vifuate.