TOVUTI YA KWANZA YA CHAMA: HIFADHI YA BURE NA MASHARTI YAKE

Chama cha akiba na mikopo cha Tandale, Mwananyamala au Kijitonyama, kilichozoea kubandika matangazo kwenye ubao wa ofisi, chaweza leo kuyaweka pia katika tovuti, na mwanachama aliye safarini Mbeya akayasoma kwa simu yake. Kazi hiyo yaweza kuanza bila gharama ya hifadhi. Hata hivyo, yampasa katibu aelewe mapema ni kitu gani cha chama anachokikabidhi kwa mwingine.

Tovuti ni mafaili yaliyowekwa katika kompyuta iitwayo seva, ambayo huwaka usiku na mchana na kuunganishwa na intaneti. Mwenye seva hupangisha nafasi kama mwenye nyumba apangishavyo chumba. Zipo kampuni zisizodai kodi; GitHub ya Marekani imefanya hivyo tangu mwaka 2008, ingawa hairuhusu nafasi hiyo itumike kuendeshea biashara. Kampuni nyingine hubandika matangazo yao kurasani. Kwa hiyo masharti yasomwe kabla ya kujiandikisha.

Hatua zenyewe ni nne:

1. Kuandika kurasa: jina la chama, mahali pa ofisi, saa za kazi, tarehe ya mkutano mkuu na masharti ya kujiunga. Ukurasa wa kwanza kwa kawaida huitwa index.html, kwa herufi ndogo, maana ndilo faili ambalo seva hulitafuta kwanza.

2. Kujiandikisha kwa barua pepe ya chama, wala si ya katibu binafsi.

3. Kupakia mafaili katika seva.

4. Kuifungua tovuti kwa simu nyingine na kujaribu kila kiungo. Seva nyingi hutofautisha herufi kubwa na ndogo. Faili la Mkutano.html halifunguki kwa kiungo cha mkutano.html.

Yaliyotokea GeoCities ni funzo. Huduma hiyo ya Marekani ilianza mwaka 1994 ikiwapa watu wa kawaida nafasi ya bure. Yahoo iliinunua mwaka 1999, na Oktoba 2009 ikaifunga huko Marekani. Kurasa nyingi ziliokolewa na watu waliojitolea kuzinakili; lakini mwenye ukurasa asiyekuwa na nakala yake alibaki kutegemea bahati.

Kwa sababu hiyo, hata seva ikiwa ya mwingine, vitu vitatu viwe mali ya chama. Kwanza, nakala ya mafaili yote, itunzwe ofisini. Pili, neno la siri, litunzwe kama ufunguo wa kasha na kukabidhiwa kwa maandishi katibu anapobadilika. Tatu, jina la tovuti. Majina ya .tz husimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania na husajiliwa kwa ada kupitia wasajili: .co.tz kwa biashara, .or.tz kwa taasisi zisizo za kibiashara, na .me.tz kwa mtu binafsi. Chama chenye jina lake chaweza kuhamia seva nyingine, na wanachama wakaendelea kutumia anwani ile ile.

Mwisho, hisa, mikopo na namba za simu za wanachama zisiwekwe hadharani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 yazilinda habari za namna hiyo. Inafaa bodi ijadili ni habari zipi zitolewe na nani atunze neno la siri, na uamuzi huo uandikwe katika kumbukumbu za kikao kabla tovuti haijafunguliwa.