Katuni, mdako na kihamba

Muda ambao mtoto mdogo anafaa kukaa mbele ya runinga au simu unategemea kwanza umri wake. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa Aprili 2019 unasema aliye chini ya miaka miwili asiwekewe kabisa. Wa miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku, na ikipungua ndiyo bora. Mwongozo huohuo unataka mtoto wa miaka mitatu au minne apate angalau saa tatu za kuuchangamsha mwili, moja kati ya hizo ya kukimbia na kuruka hasa, na alale saa 10 hadi 13. Mzazi anayegombana na mwanawe kwa ajili ya saa ya katuni tu ameanzia hesabu mkiani.

Kinachotazamwa nacho kina uzito. Akili and Me, katuni ya shirika la Ubongo la Dar es Salaam, inamhusu binti wa miaka minne anayeishi chini ya Mlima Kilimanjaro. Kila usiku akisinzia huingia Lala Land, akajifunza herufi na namba na rafiki zake wanyama. (Ieleweke kwamba huenda huko akiwa amelala, hakeshi.) Utafiti uliofanyika Morogoro ulionyesha kuwa watoto waliotazama kipindi hicho kwa wiki chache waliwapita wenzao katika kuhesabu, kutambua maumbo na kuchora. Hata hivyo, aliyeona namba tano kwenye kioo bado anahitaji vitu vitano vya kushika mkononi.

Vitu hivyo vimejaa kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Kihamba, yaani shamba la nyumbani la Wachagga, cha Marangu, Kibosho au Machame kina migomba, mibuni na mbuzi wa zizini, hatua chache kutoka jikoni. Mtoto anayetumwa kuhesabu chane za mkungu, au kutenga ndizi mshare za mtori na kisukari za kula mbivu, yuko darasani bila kengele. Mchezo wa mdako unamfundisha zaidi: anarusha kete juu, anakomba vijiwe kutoka shimoni kwa mkono uleule, anavirudisha na kubakiza kimoja, kisha anaidaka kete kabla haijagusa ardhi. Hapo pana kutoa, kukadiria na kulenga, tena mbele ya wenzake wasiokubali udanganyifu.

Mjini ni vigumu zaidi. Katika nyumba za kupanga za Pasua au Majengo, mjini Moshi, ua ni wa wote, na masika ya Machi hadi Mei huwafungia watoto ndani. Simu hugeuka yaya, na mara nyingi anayetekeleza mwongozo wa WHO ni bando lililokwisha. Bao, kuchambua maharage pamoja na mama, au kitabu cha hadithi kinachosomwa kwa sauti havihitaji uwanja. Kipindi kikiwekwa, mtu mzima akae karibu aulize kilichotokea, na simu isiingie kitandani.

Desemba, familia zinapopanda kwenda kula Krismasi nyumbani, watoto wa mjini hukutana na binamu zao na bibi mwenye hadithi za Kivunjo au Kirombo. Wazazi wasiwakabidhi simu ili wakubwa wazungumze kwa utulivu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataja kucheza na kupumzika kuwa haki ya mtoto, sambamba na chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu, na wajibu wa kuitimiza imempa mzazi au mlezi.