Bahari ya Pinga iko Magharibi

Mtu wa Pinga, hapa Kivu Kaskazini, akiulizwa bahari iko upande gani, huenda akanyoosha mkono mashariki, kunakotoka bidhaa za dukani: Mombasa, Kampala, Goma. Kwa umbali hajakosea. Mombasa iko kilomita 1,250 hivi kwa mstari ulionyooka. Pwani ya Atlantiki, karibu 1,900. Ila maji hayafuati malori. Mito ya mpaka huu wa Masisi na Walikale, Mweso na Oso ikiwemo, huteremka msituni hadi Lowa, na Lowa huingia Lualaba. Baada ya hapo ni Kisangani, Kinshasa, Inga, mpaka Banana, ambako mto Kongo humwaga baharini takriban mita za ujazo 40,000 kila sekunde. Duniani ni Amazon tu unaouzidi.

Jirani zetu wa Rutshuru wana bahari nyingine kabisa: mvua yao hupita Ziwa Edouard, Semliki na Nile, ikaishia Mediterania. Maji ya Goma nayo hukutana na yetu kwa njia ndefu, kupitia Ruzizi, Tanganyika na Lukuga. Katika Kivu Kaskazini yote, hakuna mto unaokwenda Bahari ya Hindi.

Kinachosafiri na maji hayo si maji peke yake. Bukavu, kwenye bwawa la Ruzizi I, chupa na mifuko ya plastiki hujazana mbele ya mitambo ya umeme hadi kuiziba. (Serikali ilipiga marufuku mifuko hiyo mwishoni mwa 2017, sokoni habari hiyo bado haijafika.) Milima ya Masisi iliyofyekwa kwa ajili ya malisho hutoa udongo kila mvua inaponyesha. Sehemu kubwa ya udongo huo hukwama njiani, katika vinamasi na misitu ya mafuriko. Unaofika mwisho, hata hivyo, hukutana na jambo la ajabu.

Mito mingi mikubwa hutandaza matope yake mdomoni na kuumba delta. Kongo hauna delta ya namna hiyo. Ndani ya mdomo wake wenyewe linaanza korongo la chini ya bahari, nalo huyameza matope na kuyapeleka kilindini. Desemba 2019 mto ulifurika kuliko wakati wowote tangu miaka ya 1960. Wiki chache baadaye, katikati ya Januari 2020, matope na mchanga vilivyorundikana kwenye korongo viliporomoka. Poromoko hilo lilikimbia chini ya bahari zaidi ya kilomita 1,100 kwa takriban siku mbili, likiongeza kasi kadiri lilivyokwenda, likakata nyaya za mawasiliano za SAT-3 na WACS. Intaneti ikazorota kuanzia Afrika Magharibi hadi Afrika Kusini. Watafiti wakiongozwa na Peter Talling wa Chuo Kikuu cha Durham ndio waliolifuatilia poromoko hilo, kwa vipimo vilivyokuwa vimetegwa sakafuni mwa bahari. Makorongo ya aina hii sehemu nyingine za dunia yamekutwa na plastiki nyingi, na sioni kwa nini letu liwe tofauti.

Halafu kuna kinachorudi. Tomson tunayemnunua akiwa barafu ni samaki wa Atlantiki, na wengi huvuliwa Namibia, ambayo soko lake kubwa la samaki huyo ni Kongo. Maji hayo ya Namibia yalikuwa na dagaa wengi mno. Mwaka 1968 zilivuliwa tani karibu milioni 1.4, kwa ajili ya makopo na unga wa samaki. Miaka iliyofuata dagaa wakapungua mno, na hadi leo hawajarudi kama zamani. Nafasi yao ikatwaliwa na yavuyavu, viumbe laini kama uji uliopoa, wanaokula chakula kilekile dagaa walichokuwa wakikila, pamoja na mayai ya samaki. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulikadiria kuwa huko yavuyavu walifika tani milioni 12.2, na samaki milioni 3.6. Namibia ilifunga uvuvi wa dagaa mwaka 2018. Uvuvi wa tomson unaendelea.